Anayepiga Ahariri Mwenyewe

Kwenye kikundi chetu cha wanafunzi watano wa habari, kazi ziligawanywa kabla hata hatujajua tunakwenda kurekodi nini. Mimi nikapewa kamera kwa kuwa eti mkono wangu hautetemeki. Mwenye kompyuta yenye nguvu akapewa uhariri. Mmoja akashika maikrofoni, mmoja maswali, na wa tano alibeba tripodi akilalamika njia nzima. Muhula ukaisha, alama zikaja nzuri, nami nikajiona mpiga video.

Muhula uliofuata kila mtu alitakiwa afanye kazi ya dakika tatu peke yake, kuanzia kupiga hadi kuhariri. Nikaenda kwa fundi cherehani, nikarudi na klipu 40. Nilipozimwaga kwenye taimlaini, ule mstari wa programu ya kuhariri ambapo klipu hupangwa, ndipo nilipokutana na huyo mpiga video niliyekuwa nikimsifu. Klipu nyingi zilikuwa za sekunde tatu: ya kwanza inatikisika kwa sababu kidole ndiyo kwanza kinaachia kitufe, ya mwisho inatikisika kwa sababu kidole kinarudi kukibonyeza. Katikati, sekunde moja ya halali. Kila fundi alipofikia jambo la maana, mimi nilikuwa navuta picha karibu, kana kwamba zumu inaniwasha kidoleni. Na mikono yake, mikono inayopitisha uzi kwenye tundu la sindano huku yeye akitazama mlangoni, sikuipiga hata mara moja. Nilipokata sentensi ndefu sikuwa na picha ya kufunika pale nilipokata, basi sura yake ikawa inarukaruka kama mtu anayeshtuliwa.

Halafu kulikuwa na mistari ya giza inayopanda ukutani nyuma yake. Nilidhani kamera ni mbovu. Kumbe umeme wa hezi 50 hufanya taa za aina ile iliyokuwa kwa fundi ziwake na kufifia mara 100 kwa sekunde, na mimi shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, nilikuwa nimeiweka 1/60 ya sekunde, haipatani na mapigo hayo. Ningeweka 1/50 au 1/100, ukuta ungetulia. Jambo hilo tulifundishwa darasani, na nina hakika niliandika kwenye daftari. Lakini daftari halikuninyima usingizi. Mistari ile ilininyima.

Ndiyo maana nasema huu mtindo wa kugawana kazi, wewe kamera yeye kompyuta, unatudhulumu sisi wanafunzi wa habari. Makosa ya mpigaji yanaangukia mikononi mwa mhariri, naye anayaficha kimyakimya ili kikundi kipate alama. Muhula ule wa kwanza mwenzetu alikesha akizipunguza klipu zangu, wala hakuniambia. Nilimuuliza baadaye, akacheka tu.

Kwenye picha mnato ni yaleyale. Mtu anapiga ovyo akijua kuna Photoshop, programu ya kurekebisha picha. Jaribu kuokoa shati jeupe lililoungua kwa mwanga: unashusha mng'ao, na shati linageuka kijivu, lakini mikunjo yake hairudi, kwa sababu haikuandikwa kwenye faili tangu mwanzo. Faili ya JPEG, ile ya kawaida ya picha, ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. RAW, yaani faili ghafi ya kamera, ikiwa ya biti 14 ina 16,384, basi ina nafasi zaidi ya kurekebisha, ila hata yenyewe ina kikomo. Kwenye giza ukilazimisha mwanga unavuna chenga, vile vidoadoa vinavyochafua picha. Ukishahangaika na shati moja saa nzima, kesho yake utaangalia histogramu, ile grafu ya mwanga na giza kwenye kamera, kabla ya kubonyeza.

Najua nitajibiwa kwamba kwenye vyumba vya habari mhariri ni mtu mwingine, na kwa sababu nzuri. Nakubali. Mtu aliyepanda ukuta kupata picha hataki kuitupa hata kama haisemi kitu. Mimi mwenyewe niling'ang'ania klipu ya cherehani yenye fokasi mbovu kwa sababu tu nilipiga magoti kuipata. Na kuna kishawishi kibaya zaidi. Mwaka 2003, Brian Walski, mpiga picha wa gazeti la Los Angeles Times, akiwa Iraki, aliunganisha fremu mbili za askari na raia zikawa picha moja. Ikachapishwa, kisha ikaonekana kuna watu wanaojirudia mara mbili kwenye umati. Akafukuzwa kazi. Zana ya kunakili sehemu ya picha ndiyo ya kwanza kila mwanafunzi kuichezea, kufuta nguzo hapa, kuongeza ndege pale, na kwa picha ya habari hapo ndipo unapouacha uandishi. Jicho la pili linahitajika, tena sana. Lakini liwe jicho la kukagua kazi niliyoimaliza, lisiwe la kunifichia uchafu wangu.

Sasa tumerudi tena watano. Nimependekeza kila mmoja apige dakika mbili na azihariri yeye, ndipo tuunganishe. Wawili walinuna, wakasema namaliza muda. Yule wa tripodi ndiye aliyekubali kwanza. Jana, saa sita usiku, kanitumia ujumbe: "Mbona kuna mistari inacheza ukutani?"

Nikamuuliza shata yake aliweka ngapi.