Pura Belpré: Vitabu Vyapewa Tuzo, Vikaragosi Vyaachwa

Tangu mwaka 1996 wakutubi wa Marekani hutoa Tuzo ya Pura Belpré kwa waandishi na wachoraji Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wa vitabu vya watoto. Ni heshima kubwa. Lakini Belpré mwenyewe, mama wa Puerto Rico, kisiwa cha Karibi, aliyefariki mwaka 1982, hakuwa mtu wa vitabu tu. Alikuwa mtambaji wa ngano na mchezesha vikaragosi, na kazi hiyo haina nafasi katika tuzo yenye jina lake. Naona hilo ni kosa, ingawa hoja za wasioliona hivyo si nyepesi.

Belpré alifika New York mwaka 1920 kuhudhuria harusi ya dada yake, akabaki. Mwaka uliofuata Ernestine Rose, mkuu wa maktaba ya umma ya Mtaa wa 135 huko Harlem, alimwajiri, kwa kuwa Wapuerto Rico walikuwa wakiongezeka mtaani na maktaba haikuwa na mtu wa kuongea nao Kihispania. Wapuerto Rico walikuwa raia wa Marekani tangu 1917, hivyo hakuna aliyewazuia kuhamia. Ila rafu za maktaba hazikuwa na ngano zao. Belpré alizitafuta, hakuzikuta.

Hapo ndipo kitabu kilipoingia. Saa ya hadithi katika maktaba zile ilitegemea ngano zilizokwisha kuchapishwa, na hadithi alizozisikia kwa bibi yake hazikuwa zimechapishwa popote. Mojawapo ni ya Martina, mende mrembo anayewasikiliza wachumba mmoja mmoja kisha akamchagua panya Pérez. Mume huyo anajiponza kwa tamaa ya lozi moja, anatumbukia katika chungu cha moto na kufa. Ilitoka kama kitabu mwaka 1932, kwa Kiingereza. Toleo la Kihispania lilisubiri miongo kadhaa.

Wanaoipa kalamu uzito wana la kusema. Onyesho huisha pazia linapofungwa, na waliolikosa wamelikosa. Kitabu kinafika kwa mkutubi wa Texas asiyemjua Belpré wala Harlem. Tena kitabu kilimpa mamlaka: mwanamke mweusi mhamiaji, ndani ya taasisi ya Wazungu ya miaka ya 1930, asingesikilizwa sana kama angekuja na ngano za mdomoni tu. Kitabu kilikuwa hati yake. Nalikubali hilo lote.

Lakini tazama yaliyotokea pale vikaragosi vilipotoka. Mwaka 1929 alihamishiwa tawi la Mtaa wa 115, walikokuwa wamehamia Wapuerto Rico wengi, na huko akaendesha saa za hadithi kwa lugha mbili, akatumia vikaragosi, akaandaa sherehe za Siku ya Wafalme Watatu, yaani sikukuu ya Mamajusi. Kitabu kinamwuliza mtoto kwanza kama anajua kusoma, na kwa lugha ipi. Kikaragosi hakiulizi. Mtoto aliyetua juzi kutoka San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, anaweza kumpigia Pérez kelele asogee mbali na chungu, na jirani yake asiyejua neno la Kihispania akapiga kelele vilevile, maana panya anaonekana na chungu kinaonekana. Na akitoka Juan Bobo, yule mjinga ambaye mara nyingine ujinga wake huwaumbua werevu (msomaji wetu atamkumbuka Abunuwasi, ingawa Abunuwasi ana hila zaidi), hakuna anayehitaji mkalimani.

Wapo wenye lawama nzito zaidi: kwamba maktaba ilitumia Kihispania kama chambo, mtoto avutwe kwa lugha ya mama kisha akabidhiwe Kiingereza. Kuhusu taasisi, huenda hawakosei. Marekani iliitwaa Puerto Rico kutoka Hispania mwaka 1898, na kwa miongo kadhaa ilisukuma Kiingereza katika shule za kisiwani. Haishangazi watu wakiutilia shaka ukarimu wa namna hiyo New York. (Kihispania nacho kilifika kisiwani kwa meli za watawala, jambo ambalo walalamikaji hulipita haraka.) Kuhusu Belpré mwenyewe, lawama hainishawishi. Mwenye chambo huacha kulisha samaki akishanaswa. Yeye aliacha kazi katika miaka ya 1940 kuandika na kusafiri na mumewe, mtunzi wa muziki Clarence Cameron White, na alipofiwa mwaka 1960 alirudi maktaba akiwa mtaalamu wa watoto wanaosema Kihispania. Alistaafu 1968, kisha akaingia mradi wa maktaba wa South Bronx, eneo jingine la New York, na jukwaa la vikaragosi la kubebeka, akiwafuata watoto walipo. Huyo hakuwa na haraka ya kumhamisha mtoto yeyote kutoka lugha yake.

Mwaka 2021 tuzo iliongezewa kundi jipya, la vitabu vya vijana. Vitabu tena. Ni kweli kwamba kamati ya wakutubi husoma kwa urahisi kuliko inavyozunguka kumbi za michezo, na onyesho la Bronx halitumwi kwa posta. Lakini kazi ya jukwaa haikufa. Mjini humohumo New York, Teatro SEA ya Manuel Morán, Mpuerto Rico mwingine, inaendelea kuwaigizia watoto kwa Kihispania na Kiingereza, vikaragosi vikiwamo. Wakutubi wakitaka pa kuanzia, si mbali.