Wakiondoka waende? Haya, mama mdogo apande nini?

Juzi niko kwa kinyozi, nusu kichwa kimeshanyolewa, jamaa wa kiti cha pili anatangaza: "Haya mashirika ya ndege ya wazungu yakiondoka yaende tu, sisi tuna Dreamliner yetu ya Air Tanzania." Saluni nzima ikamuitikia. Sikubisha, wembe ulikuwa shingoni. Nabisha hapa.

Kaka, Dreamliner naipenda kama wewe. Ila tangu Desemba 2024 Air Tanzania imezuiwa kuruka kwenye anga ya Umoja wa Ulaya, na Juni 2025 mashirika yote yaliyosajiliwa nchini yakaunganishwa humo humo. KLM ya Waholanzi ikifunga virago kesho, Dreamliner yako itakupeleka Guangzhou. Amsterdam utaisikia redioni.

Kilichoniudhi ni kwamba jamaa anaongea kama serikali. Januari 2023 KLM ilipositisha safari za Kilimanjaro na Zanzibar ikidai kuna hatari ya machafuko, Waziri wa Uchukuzi, Mbarawa, alitoka na tamko kali chapuchapu. Nakubali, tena kwa shingo upande, safari ile alikuwa na haki. Machafuko gani? KLM yenyewe ikaomba radhi.

Sasa rudi Machi 2013. British Airways ikafunga safari ya Dar na Heathrow, London. Hawakumtukana mtu, walisema tu hailipi. Mimi tamko kali la siku zile silikumbuki. Tulitikisa vichwa, tukahamia kwenye ndege za kuunganisha. Mwaka 2015 wakaaga na Entebbe, Waganda nao wakaonja. Yaani tukitukanwa tunachachamaa, tukipigiwa hesabu na kuonekana hatulipi tunakaa kimya. Kwangu mimi hilo la pili ndilo tusi lenyewe.

Maana nafasi ya kutua Heathrow ni mali. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba Oman Air ililipa dola milioni 75 kwa jozi moja tu ya nafasi, ya kutua na ya kuruka. Mwenye kitu cha bei hiyo hakupangii Dar kwa sababu Watanzania ni wakarimu. Anauliza viti vya mbele vinajaa au vinakaliwa na mito, mafuta ni bei gani, tozo za uwanja zikoje, na tumbo la ndege linarudi na nini.

Hapo kwenye tumbo ndipo naposhikwa na hasira. Maua na mboga za Arusha zinapakiwa kwenye malori, zinavuka Namanga, zinakwenda kupanda ndege Nairobi. Na uwanja wa Kilimanjaro, KIA, tunao! Tunamjazia jirani ndege zake kwa mikono yetu, halafu tunashangaa kwa nini ndege zinampenda jirani. Waziri anayetaka kukasirika aanzie hapo. Aite mashirika ambayo yangali hapa, kabla mtu hajaandika barua ya kuaga, aulize: nini kinawauma? Tozo ipi? Kibali gani kimelala kwenye meza ya nani?

Msiniambie haiwezekani. Januari 2024 tulipotangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kwa sababu Air Tanzania ilinyimwa haki ya kubeba mizigo kupitia Nairobi, mawaziri wa mambo ya nje wa siku zile, Mudavadi wa Kenya na Makamba wetu, walizungumza na mambo yakalainika ndani ya siku chache. Kumbe simu zinafanya kazi.



Mama mdogo wangu ana mjukuu London. Zamani alikuwa anapanda Dar, analala, anaamshwa kashafika. Siku hizi analala kwenye viti vya uwanja wa watu, miguu imevimba. Kuna usiku alinipigia saa tisa: "Mwanangu, huku wanaita namba, ya kwangu ipi?" Tangu hapo kila safari namwandikia namba ya mlango kwenye karatasi, herufi kubwa, wino mweusi. Akifika, wameshaibadilisha.