"Ni Mwanawe" Si Jibu

Jumatatu iliyopita, baada ya swala ya alasiri, tulikuwa tumeketi barazani huku Langoni, Lamu, jirani mmoja alipovua mkanda akamchapa mwanawe wa miaka minane mbele yetu kwa kosa la kuchelewa kurudi kutoka pwani. Niliinuka. Mzee mmoja akanishika mkono, akaniambia, "Muache, mwanangu, ni mwanawe." Nikaketi, nami naona haya kwamba niliketi. Mtoto alipopita karibu yangu niliona alama tatu nyekundu kwenye shavu la mguu, moja ikiwa na pembe ya bizimu.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2001 ilimwachia mzazi haki ya kumwadhibu mtoto kwa kiasi, na ubaya wote ulikuwa katika neno hilo, kwa sababu aliyekipima kiasi ni yule yule mwenye hasira na mkanda mkononi. Hakimu aliingia baadaye, tena pale tu mtoto alipokwisha kuumizwa kiasi cha watu kushtuka. Pigo la kwanza huwa la kosa la mtoto. Yafuatayo ni ya deni la duka, ya nyavu zilizorudi tupu, ya maneno ambayo baba aliambiwa na tajiri wake asubuhi akanyamaza. Katiba ya 2010 ilikata shauri hilo: Ibara ya 29 yamkinga kila mtu na ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi, na yaitaja adhabu ya viboko waziwazi. Haikusema "isipokuwa nyumbani". Sheria ile ya 2001 nayo ikafutwa na Sheria ya Watoto ya 2022, lakini barazani kwetu bado yatawala.

Huambiwa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto hulia pia anaponyimwa ruhusa ya kwenda kuogelea, na methali haikutaja mkanda.

Wanaoleta hoja ya dini wamkumbuke Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10 tangu utotoni, na akasimulia kwamba hakuwahi kuambiwa naye hata "uff", neno la kuudhika.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kumweka rumande baba anayelisha watu saba hakutamponya mwanawe, na kwamba watu wengi wanaikataa sheria hii kwa kuwa waliisikia kwanza kama tisho la polisi. Hawakusomewa. Machifu hutuita mikutanoni kwa mambo ya ardhi na ya usalama, lakini sijahudhuria hata mmoja ambapo Ibara ya 29 ilisomwa kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, mzazi akaruhusiwa kuuliza afanye nini mtoto asiposikia.

Nimemwendea imamu wa mtaa wetu nikamwomba alizungumze jambo hili baada ya swala. Ameniambia nimpelekee maandishi yenyewe kwanza, ayasome. Nitampelekea kesho, pamoja na kifungu cha watoto, Ibara ya 53.