Aksheni tatu au aksheni na bonasi? Zamu ya vita kwenye gemu za mezani

Kwa machalii wanaocheza gemu za mezani hapa Chuga (Arusha), zile ambazo kila mtu anaigiza mhusika wake kwenye hadithi na dadu ndo zinaamua, kuna mabishano hayaishi, tubaki na Dungeons & Dragons toleo la tano ambalo wengi ndo walianzia nalo, au tuhamie Pathfinder toleo la pili. Ukiwasikiliza vizuri utaona hawagombanii majoka wala ramani wala hadithi, wanagombania kitu kimoja tu, zamu yako ya kupigana ikifika unaruhusiwa kufanya nini. Na mimi naona wako sahihi kugombania hapo maana vita ndo inakula muda, mkiwa watu saba na kila mtu akachukua dakika tatu basi ukishamaliza kucheza unakaa karibu dakika 20 unasubiri, na bado gemu masta, yaani anayeongoza hadithi, hajachezesha mamonsta yake.

Kwa ambaye hajui, raundi moja ni sekunde 6 kwenye gemu zote mbili. Toleo la tano la mwaka 2014 linakupa kutembea futi 30 hivi, kama mita 9, alafu aksheni moja, yaani tendo kuu kama kupiga, bonasi moja kama unayo, yaani tendo dogo la ziada, na riaksheni moja ambayo unaifanya nje ya zamu yako, mfano adui akikukimbia unamchapa. Pathfinder ya 2019 imefuta mgawanyo huo, inakupa aksheni tatu zinazofanana na riaksheni moja basi. Kutembea ni moja, kupiga ni moja, kuchomoa upanga ni moja, kuinua ngao ni moja, uchawi mwingi unakula mbili.

Nianze na bonasi kwasababu hapo ndo naona toleo la tano limekosea. Sheria yenyewe inasema huna bonasi mpaka kuna kitu kwenye karatasi yako ya mhusika kimekupa, labda uchawi fulani au silaha ya pili mkononi. Sasa mtu mpya hasikii hivo, yeye anasikia kuna bonasi, na bonasi ni kama nyongeza pale soko la Kilombero, ukishajua ipo huondoki bila kupewa. Kwa iyo ameshampiga adui, kazi imeisha, lakini anaanza kupekua karatasi juu mpaka chini anauliza bonasi yangu nifanyie nini, na jibu la kweli ni hakuna, mpe mwenzako zamu. Alafu kulikuwa na ile sheria ya 2014 kwamba ukipiga uchawi kwa bonasi, uchawi mwingine kwenye zamu hiyo lazima uwe ule mdogo wa bure wa aksheni moja, sheria ambayo hata wazoefu walikuwa wanaikosea. Marekebisho ya 2024 yameirahisisha, saivi ni kwamba kwa zamu moja unatumia nafasi moja tu ya uchawi, yaani uchawi mmoja tu usio wa bure, hapo wamefanya vizuri sana. Lakini bonasi yenyewe wameiacha na wameiongezea kazi, hata kunywa dawa ya kuponya saivi ni bonasi.

Aksheni tatu hazina hilo tatizo, mtu anahesabu moja mbili tatu amemaliza. Na kinachonivutia zaidi ni hesabu iliyofichwa ndani yake, ngoja niionyeshe. Chukua mpiganaji wa levo ya kwanza mwenye +9 ya kuongeza kwenye dadu, adui ana kinga 16, yaani namba ya kufikia ili umpate. Pigo la kwanza anahitaji 7 kwenda juu kwenye dadu ya pande 20, ni asilimia 70. Pigo la pili linakatwa 5, anahitaji 12, asilimia 45. La tatu linakatwa 10, anahitaji 17, asilimia 20. Yaani gemu inakuruhusu kupiga mara tatu ila inakuambia waziwazi kwamba la tatu ni la kubahatisha, hebu tafuta kitu kingine. Ndo hapo mtu anaangalia ngao yake, akiinua anapata +2 kwenye kinga, adui anapungukiwa asilimia 10 ya kumpata na nafasi ya kumpiga lile pigo la damage mara mbili inashuka pia, kwasababu kwenye Pathfinder ukizidi kinga kwa 10 hilo pigo linahesabika mara mbili. Au anasogea hatua moja pembeni ili mwenzake ambane adui kutoka upande wa pili. Hakuna aliyemlazimisha, namba ndo zimemfundisha.

Hata uponyaji umekaa hivo. Uchawi wa kuponya ukiupiga kwa aksheni moja lazima umguse mtu, kwa mbili unamfikia mtu aliye futi 30 na anapona zaidi, kwa tatu unawafikia wote waliokuzunguka, hadi adui akiwa hai naye anapona. Uchawi ni ule ule, bei tofauti, na mtu anaamua kwa hali ilivyo.

Jambo la pili ni watu kuganda. Kwenye toleo la tano kila kiumbe kinaweza kukuchapa ukitoka karibu yake, na ukitaka kutoka salama unatoa aksheni yako nzima. Matokeo yake mnamzunguka zimwi mnapiga mpaka lianguke, mlima na mto mliochorewa kwenye ramani havina kazi. Hii ilianza zamani, toleo la tatu la D&D la mwaka 2000 ukitaka mapigo yako yote ilibidi usimame pale pale au usogee hatua moja tu. Pathfinder toleo la pili wameinyang'anya hiyo chapa ya bure kwa wengi, levo ya kwanza ni mpiganaji tu ndo anayo, mamonsta mengi hayana, na watu wanakimbia uwanja mzima. Hapa sina cha kuitetea toleo la tano.

Ila wanaotaka kubaki wana hoja na isidharauliwe. Aksheni tatu ni kali kwenye vitu vidogo. Umeangushwa chini, kuinuka ni aksheni. Upanga umekudondoka, kuuokota ni aksheni. Mlango, aksheni. Kwenye toleo la tano kuinuka ni nusu ya mwendo wako, mlango au kuchomoa silaha mara moja ni bure, unabaki na aksheni yako. Mtu aliyefanya kazi wiki nzima akaja jumamosi kucheza anataka kumpiga joka, hataki zamu nzima iishe kwa kuinuka, kuokota upanga na kusogea. Hiyo inauma kweli, mchezaji wa namna hiyo nimemuona akikata tamaa na sikumlaumu.

Alafu kuna hoja ya uzito, wanasema Pathfinder ni nzito. Hii nakubali nusu. Uzito upo ila hautoki kwenye aksheni tatu, unatoka kwenye vipaji vingi vya kuchagua kila levo na vile viongezeo vidogo vya +1 na -2 vya kukumbuka kila dadu ikirushwa. Watu wanachanganya hivi viwili wanaitupa sheria nzuri kwa kosa la sheria nyingine. Suala la hela nalo liwekwe pembeni, sheria za Pathfinder zipo bure mtandaoni zote, na msingi wa toleo la tano uliachiwa bure januari 2023 chini ya Creative Commons, kwa iyo ukiwa na bando unazo zote.

Wapo wanaosema basi tuchukue aksheni tatu tuzipachike kwenye toleo la tano. Hapana jamani. Kule mapigo hayakatwi, ukimpa mtu aksheni tatu bila ile -5 na -10 anapiga mara tatu kwa nguvu ile ile tangu levo ya kwanza, na mamonsta nayo hivo hivo, vita inaisha raundi ya kwanza na aliyeshinda dadu ya kuamua nani aanze ndo mshindi. Mtindo huu kuupachika inawezekana, kitabu cha Pathfinder Unchained cha 2015 kilifanya hivo kwa gemu yao ya zamani, Pathfinder toleo la kwanza, lakini unapachika na makato yake.

Msimamo wangu, kundi la watu wanne watano wanaokutana mara kwa mara waende aksheni tatu bila kusita. Kundi la watu saba nane ambalo kila wiki lina sura mpya na wengine wanawahi vifodi vya kurudi Usa River, libaki toleo la tano, ila liache foleni ya mtu mmoja mmoja lichukue utaratibu wa toleo jepesi la D&D la 1981, kila upande unarusha dadu moja ya pande sita, upande ulioshinda unacheza wote kwanza kwa kupangana wenyewe. Unapoteza kidogo faida ya mhusika mwepesi aliyewekeza kwenye wepesi, hilo ni kweli, lakini watu wanaongea pamoja badala ya kuchezea simu. Na kama bado mnabishana, chukueni vita moja ile ile, majambazi wanne na daraja, muicheze kwa sheria zote mbili huku mtu mmoja ameshika saa anaandika kila mchezaji amesubiri dakika ngapi.