Kuvua Jeti Kwenye Tanki la Jirani

Kabla hujanicheka, ujue kwanza tunavyokaa. Nyumba yetu iko Mabatini, mlimani, na mlima wa Mwanza si wa udongo. Ni mawe yaliyopandana, watu wakajenga pale jiwe lilipowaachia nafasi. Uwanja wetu ni jiwe moja bapa, upana wa mikeka mitatu hivi. Jiwe linapoishia ndipo bati la jirani wa chini linapoanzia. Mtoto akiangusha kijiko kwetu, kwao wanasikia. Akiangusha kitu cha duara, hicho hakisikiki tu, kinasafiri.

Jirani huyo ni mzee aliyestaafu ufundi wa injini za mitumbwi. Miaka 30 na ushee amefungua na kufunga Yamaha za wavuvi kule mwaloni Kirumba, mitumbwi inakoshusha samaki. Yaani mtu anayejua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa ya injini, kuliko wote mlima mzima alikuwa mita nne chini ya miguu yangu, na hatukuwa tukisemezana. Chanzo ni maji ya dagaa. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, walitumwa wakamwage maji yaliyooshewa dagaa, wakaona njia ni ndefu, wakayamwaga ukingoni. Yakapita batini, yakaingia kwenye gata, yakaenda hadi kwenye simtanki la mzee. Wiki nzima alikunywa chai yenye harufu ya mwalo aliokwisha kustaafu. Tangu hapo salamu zetu zikabaki za msibani.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125, niliachiwa na baba mdogo aliyekuwa bwana shamba wa pamba huko Kwimba. Aina hiyo Honda waliitoa mwaka 1976, wakiwa wamekwisha kuona kwamba kwenye nchi kama zetu watu hawabadilishi oili mpaka iwe uji. Wakauondoa mnyororo ule wa ndani ya injini, wakaweka vifimbo, ili chombo kivumilie. Nakwambia haya ujue kwamba kuna Mjapani alikaa mezani akamuwaza mtu kama mimi, akajitahidi kumkinga. Hakuniwaza vya kutosha.

Ilikuwa imelala miezi 8 chini ya turubai, pale barabarani kwenye kibanda cha muuza duka, maana kuipandisha huku juu labda uibebe mgongoni. Mwezi wa sita nikaipiga kiki, ikawaka, lakini kwa choki tu. Ukirudisha choki, inazima. Sailensi, yaani kunguruma polepole bila kuvuta mafuta, haikai kabisa. Fundi wa pale barabarani aliisikiliza huku anatafuna muwa, akasema, "Kabureta hiyo, Mwalimu. Petroli ikilala sana inageuka gundi. Lete elfu 15."

Mimi ni mwalimu wa sayansi, darasa la tano na la sita. Elfu 15 kwa kusafisha kitobo? Nikamwambia asante, nikaazima bisibisi ya nyota dukani, nikafungua kabureta, nikapanda nayo nyumbani ikiwa ndani ya mfuko wa rambo, kifua mbele.

Chini ya kabureta kuna kikombe kinachobeba petroli na boya, kimefungwa kwa skrubu za nyota. Ya kwanza ilitoka kwa adabu. Ya pili ikasema hapana. Nikakaza mkono, bisibisi ikapanda yenyewe, ikaruka: krrr. Nikaegemea kwa uzito wote: krrr. Kila krrr ilikuwa inameza kipande cha nyota, hadi nyota ikageuka mwezi.

Nikaweka kipande cha mpira wa tyubu kati ya bisibisi na skrubu, kama nilivyowahi kuona watu wakifanya. Mpira ukasagika. Nikadondoshea mafuta ya taa, nikasubiri, nikala chakula cha mchana, nikarudi. Bado. Plaizi haikuwa na pa kushika, kichwa cha skrubu kimezama shimoni. Kufikia saa tisa mlima mzima ulikuwa umesikia nyundo yangu. Mama Kulwa akatoka akaniuliza kama nimehamia kwenye uhunzi.

Hapo ualimu ukaniamka. Skrubu ni chuma, mwili wa kabureta ni alumini. Madini mawili yakikaa pamoja miaka kwenye unyevu yanaoana, hayataki kuachana. Lakini alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma! Nikaichukua birika ya chai ya jioni, nikaimimina yote juu ya kile kikombe, kisha nikaweka ncha ya tindo kwa mshazari kwenye ukingo wa kichwa cha skrubu, nikagonga kuelekea kushoto. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ikasogea. Nikapiga kelele kama nimefunga goli. Nikamwita mke wangu aje aone sayansi. Alikuja, akatazama birika tupu, akarudi ndani.

Ukiniuliza, ningeishia hapo siku ile ningekuwa shujaa hadi leo.

Ndani mlikuwa na ugoro. Petroli imekauka ikaacha utando wa kahawia, na jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa sailensi, imeziba tii. Jeti yenyewe ni kijiti cha shaba kifupi kuliko kucha ya kidole gumba, tundu lake halifiki nusu milimita. Nilijua kwamba shaba ni laini, ukichokonoa kwa waya unalipanua tundu na pikipiki inaanza kunywa mafuta kama harusi. Basi nisichokonoe, nipulize. Nilipuliza kwa mdomo nikapata ladha tu. Nikaagiza pampu ya baiskeli.

Mpango ulikuwa huu: mimi nashikilia jeti kwenye mdomo wa mpira kwa vidole viwili, Doto anasukuma. Nikamwambia asukume polepole. Ila Doto alikuwa amekatazwa kugusa kitu tangu asubuhi. Akausukuma mpini kwa nguvu zote za miaka yake 7.

Fyuu!

Kwanza kimya. Kisha batini kwa mzee: ting. Halafu ule mlio ambao hadi leo nausikia nikilala, tiri-tiri-tiri-tiri, jeti inateremka kwenye mfereji wa bati bila haraka, kama inajua inakokwenda. Tik, imefika kwenye gata. Tukashika pumzi wote watatu.

Chubwi.

"Imeingia kwa Babu," akasema Kulwa, kama vile kuna asiyejua.

Utasema si ungenunua nyingine? Ningenunua. Pikipiki za Kichina tele mjini zimenakili injini hiyohiyo ya CG, na vipuri vyake vimejaa kila duka la spea. Lakini ya kwangu ilikuwa mle ndani na imepigwa namba, tena mlima mzima ulikuwa umesikia ni nani anayefungua kabureta. Siku mzee atakapoosha tanki ataiokota, atainusa, na baada ya dagaa ataniongezea petroli kwenye hati ya mashtaka. Sikuwa naitafuta jeti. Nilikuwa naufuata ushahidi.

Saa nane ya usiku nikashuka. Nilikuwa nimeng'oa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaifunga kwa mshipi wa sangara, nikavua kandambili. Tanki limekaa juu ya jiwe, mfuniko wake unafikika ukilala kifudifudi. Nikateremsha sumaku taratibu mpaka ikagusa chini, nikaanza kuivuta kwa mizunguko midogo. Mwaloni wanaita uvumilivu. Mara ya kwanza nikapata msumari. Mara ya pili kizibo cha soda. Mara ya tatu kitu kizito kidogo, moyo ukaruka. Ni kufuli, funguo zake hazipo. Nikatupa tena.

Tochi ikaniwakia usoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikiwa bado nimelala kifudifudi.

Kimya kidogo. Shikamoo haikataliwi, hata ya mwizi. "Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Mwalimu. Wa hapo juu."

"Unavua?"

"Jeti, mzee. Ya kabureta. Imeniponyoka ikaingia humu."

"Jeti ya shaba?"

"Ya shaba."

"Na hicho ulichofunga kwenye mshipi?"

"Sumaku."

Tochi ikazimika. Gizani nikasikia pumzi, kisha kikohozi kirefu ambacho nina hakika hakikuwa kikohozi. Sumaku, nilikumbuka hapo, inavuta chuma. Shaba haiitaki. Wiki ile ile nilikuwa nimewaadhibu watoto wanne kwa kutojua jambo hilo.

"Mwalimu," mzee akauliza polepole, "kwani pale shuleni unafundisha nini?"

"Kiswahili, mzee."

Asubuhi akatoa masharti. Tanki ni la lita 1,000, limejaa mvua za mwisho za Mei, na mvua nyingine ni Oktoba huko. Hataki tone limwagike. Maji yote yatolewe, jeti itafutwe, tanki lioshwe, maji yarudi. Piga hesabu: ndoo za lita 20, ni ndoo 50, kwenda na kurudi. Mlima mzima uliazimwa ndoo, madumu, mabeseni, hata sufuria ya ubwabwa wa misiba. Watu walikwenda ibadani wakarudi, sisi tuko ndoo ya 31. Kila aliyepita aliuliza kulikoni, na kila aliyeuliza alijibiwa na Kulwa, kwa sauti, tangu mwanzo, pamoja na habari za sumaku. "Na baba ndiye mwalimu wa sayansi," alikuwa anamalizia.

Mzee hakusema kitu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na kabureta yangu mapajani, anaigeuza. Akaiokota ile skrubu.

"Nani kaitafuna hii?"

Nikanyamaza na ndoo yangu.

Akaniita nitazame ile nyingine, iliyotoka salama. Pembeni ya nyota kuna kadoti kadogo, kama ncha ya sindano. Hiyo, akasema, ni alama ya nyota ya Kijapani. Kwa macho ni sawa na nyota nyingine, ila bisibisi hizi za dukani ncha yake haifiki chini ya tundu lake. Inaelea, na ukikaza inaruka. Akaingia ndani akatoka na tupa, akakwangua ncha ya bisibisi niliyoazima, kidogo tu. Kisha akaichomeka kwenye skrubu ile nzima, akaiachia mkono. Ikasimama yenyewe wima, bila kutikisika. Dakika 20, akasema, na ningekuwa nimemaliza tangu jana, bila nyundo.

"Na jeti unaizibua kwa huu," akaonyesha mshipi mwembamba wa nailoni, wa kuvulia sato. "Haukwaruzi shaba. Mshipi ulikuwa nao usiku kucha, Mwalimu, ila ukaufungia sumaku."

(Pikipiki inawaka, nisije nikasahau kusema. Sailensi inakaa hata bila kuishika.)

Ndoo ya 50 ilipotoka, Doto akaingizwa ndani ya tanki kwa kuwa ndiye anayeenea. Akapapasa kwenye tope la chini, akatoa mkono uliokunjwa, akamkabidhi mzee. Mzee akachambua kiganjani. Jeti hii hapa, imeng'aa kuliko nilivyoipoteza, akaninyooshea. Nikashukuru kwa mikono miwili. Yeye bado anachambua. Akainua kitu kingine, cheupe, kidogo kama punje ya mahindi, akakielekeza juani. Halafu cha pili. Cha tatu.

Watoto wa kwetu jino la utoto likitoka hurushwa juu ya bati, kusudi liote jipya. Na bati lililo karibu na uwanja wetu ni moja tu.

Mzee akanitazama mimi, akatazama zile ndoo 50, akatazama kikombe cha chai alichokuwa amepewa na Mama Kulwa asubuhi ile.

"Na hizi, Mwalimu," akasema, "ni jeti namba ngapi?"

Ndani ya tanki, Doto akafunga mdomo wake wenye pengo.