Mtoano wa konferensi kwenye softball ya vyuo Marekani: una kazi gani hasa?

Mei 2025 kule Athens, Georgia, fainali ya mtoano wa softball ya wasichana (mchezo unaofanana na besiboli) ya konferensi ya SEC haikuchezwa kabisa. Konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza ligi yao pamoja, na mtoano huu unakuja mwisho wa ligi hiyo. Hali ya hewa ilichafuka, na kesho yake Jumapili ndo siku ya kutangaza timu 64 za mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, sasa wangeisogeza wapi? Wakaamua Oklahoma na Texas A&M wote mabingwa, basi. Jumapili ikafika, A&M wakapewa namba moja nchi nzima, Oklahoma namba mbili, na maisha yakaendelea kama kawaida.

Wanaotaka mtoano huu ufutwe hapo ndo wanapata pa kushikia, na kwa konferensi kubwa mi naona wana hoja. Timu ya SEC inacheza mechi 24 za konferensi kabla ya kufika kwenye mtoano, halafu bingwa wa mtoano anapata tiketi ya moja kwa moja na waliobaki wanachaguliwa na kamati. Mwaka huo SEC iliingiza timu 14 kati ya 15!! Tiketi ya nini sasa wakati karibu wote wanaingia? Pac-12, konferensi nyingine kubwa, waliishi miaka na miaka bila mtoano wa softball, wa kwanza wameucheza 2023, na sidhani kama kuna mtu alikuwa anawadharau UCLA au Arizona kwa sababu hiyo.

Halafu kuna mkono wa mrushaji. Softball inachezwa inings (vipindi) 7, mpira unarushwa kwa chini kutoka futi 43, yaani kama mita 13 tu, na timu nyingi zina mrushaji mmoja wanayemtegemea kwa kila kitu. NiJaree Canady wa Texas Tech, yule wa dili la zaidi ya dola milioni moja, aliwapa ubingwa wa mtoano wa Big 12, konferensi yao, mwaka 2025, akawabeba mpaka fainali ya taifa Oklahoma City, na mechi ya tatu ya fainali hiyo dhidi ya Texas akatolewa baada ya ining moja tu, kashapigwa ranzi (pointi) tano. Siwezi kusema ni uchovu wa Big 12, zilishapita wiki kadhaa, ila mzigo unajumlishana.

Lakini upande wa pili nao usiudharau. Huo mtoano wa kwanza wa Pac-12, pale Tucson, Utah waliwafunga UCLA waliokuwa wameongoza msimu, na mwezi huohuo Utah wakafika Oklahoma City, kwenye timu nane za mwisho kitaifa, wakati UCLA, waliopangwa namba mbili kitaifa, walitolewa hatua ya kwanza tena uwanjani kwao. Kuna timu inaiva Mei, na msimu mrefu hauwezi kukuonyesha hilo. Na mechi ya kufa na kupona huwezi kuifanyia mazoezi kwa njia nyingine, lazima uicheze.

Kinachonikera mimi ni konferensi ndogo, zile ambazo kawaida zinapeleka timu moja tu. Huko ndo mtoano una maana kweli, na huko huko ndo unaumiza zaidi. Ni sawa na bingwa wa Ligi Kuu Bara aambiwe baada ya mechi 30 kwamba nafasi ya Afrika inagombewa upya wikiendi hii, na timu ya nne nayo imo. Watetezi wanasema ndo utamu wenyewe, kila timu ina matumaini mpaka mwisho, sawa, ila konferensi nayo inajiumiza maana inaweza kuishia kumpeleka taifa mtu aliyebahatisha siku mbili huku bora wao kabaki nyumbani.

Kwa hiyo mi nisingefuta. Wakubwa wangepunguza, waingie wanne wa juu tu, wacheze siku mbili na warushaji wapumzike. Wadogo waweke utaratibu wa kutolewa kwa kufungwa mara mbili, wachezee uwanja wa aliyeongoza ligi, na huyo aanzie moja kwa moja nusu fainali. Akifungwa mara mbili kwake mbele ya watu wake, hapo hana wa kumlalamikia. Wenye TV ndo watanuna, maana mechi zinapungua.