Waliotoa Damu Kombewa Waingie Maabara

Kati ya 2009 na 2011, watoto wachanga na wadogo wa Siaya na Kombewa, magharibi mwa Kenya, walisajiliwa katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Pamoja na wenzao wa Kilifi na wa nchi nyingine sita za Afrika, walifika 15,459. Walidungwa sindano, wakatolewa damu, na mama zao wakaenda kliniki na kurudi kwa miaka. Septemba 2019 chanjo hiyo ikaanza kutolewa Homa Bay. Watoto wale sasa ni vijana wa shule za upili. Pengine baadhi yao nawafundisha biolojia mimi.

Kinachoniuma ni kwamba hawajawahi kuiona damu ikisomwa. Kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kiko Kisian, kwenye barabara ya Busia; wanakipita ndani ya matatu kila shule zinapofunguliwa.

Muhula uliopita niliazima hadubini na slaidi za damu yenye vimelea vya malaria, zilizokwisha kupakwa rangi. Msichana wa Kidato cha Tatu akadondosha mafuta, akageuza lenzi ya mia, akanyamaza kwa muda mrefu. "Mwalimu, ni kama pete." Akaanza kuvihesabu vimelea bila kuambiwa. Kisha akauliza, "Mbona mjomba alipimwa akakutwa navyo, na hata kichwa hakimuumi?"

Nilimweleza kidogo kuhusu kinga inayojengeka kwa kuugua mara kwa mara, nikaishiwa. Swali lile linahitaji mtu anayelishughulikia kila siku.

Ndiyo maana siridhiki na ziara za siku moja, za kupiga picha na kurudi na kofia. Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, mfadhili wa utafiti kutoka Uingereza, wamekuwa wakiwapokea vijana waliomaliza Kidato cha Nne kwa miezi kadhaa. Huku kwetu ningetaka tuanze mapema zaidi: mtafiti mmoja, wanafunzi wawili au watatu, muhula mzima, na swali liwe la mwanafunzi mwenyewe. Si lazima waguse damu. Wahesabu viluwiluwi vya mbu kwenye mashimo ya wachoma matofali, wachore grafu, wakosee, warudie.

Na nauli ilipwe. Bila nauli watakuja watoto wa mjini tu, na mbu wengi wako Seme na Bondo.

Swali la yule msichana nimelibandika ndani ya jalada la daftari langu la maandalio. Mtafiti yeyote wa Kisian akiwa na Jumamosi mbili, nitamleta msichana huyo mimi mwenyewe.